WANANE WAENDAO KINYUMENYUME: SOMO LA MASHUA ZA VYUO VYA CAMBRIDGE

Katika kurasa hizi tumezoea methali, vitendawili na ngeli. Leo tumeonelea tutoke kidogo, twende mtoni. Tena si Tana wala Nzoia, bali ni mto Cam, unaopita katika mji wa Cambridge, Uingereza. Somo letu ni mashua ambazo wanafunzi wa vyuo vya huko hushindania.

Najua utauliza, "Sasa hayo yanatuhusu nini sisi wa Kiswahili?" Swali zuri. Kuna wenzetu wanaosema ati Kiswahili ni lugha ya mashairi na taarabu tu. Kwamba ukitaka kueleza mtambo au chombo cha kisasa, sharti ukimbilie Kiingereza. Basi hebu tulipime dai hilo kwa kitu ambacho wengi wetu hatujapata kukiona kwa macho. Mwisho wa somo, wewe mwenyewe utoe hukumu.

Na kuna sababu ya pili. Katika mashua hizi neno si pambo. Watu wanane hupiga makasia hali wameipa mgongo njia yao. Wanaona walikotoka, hawaoni waendako. Anayeona mbele ni mmoja tu, mshika usukani, naye hana silaha nyingine ila kamba za usukani na mdomo wake. Akitaja kitu wasichokijua, wanagonga. Ndiyo maana mwanafunzi wa mashua hizi huanza na majina. Nasi tuanze hapo hapo, baada ya kupiga hodi bandani.

1. CHAMA NA BANDA LAKE

Chuo Kikuu cha Cambridge kimegawanyika katika vyuo vidogo 31, na karibu kila chuo kina chama chake cha kupiga makasia. Mfano ni Lady Margaret Boat Club, chama cha chuo cha St John's, kilichoanzishwa mwaka 1825. Usivichanganye vyama hivi na timu ya Chuo Kikuu chenyewe, ile inayoshindana na Oxford. Mashindano hayo makubwa yalianza mwaka 1829 katika mji wa Henley, na Oxford wakashinda. Wanawake nao walianza yao mwaka 1927. Sisi hapa tunazungumzia vyama vya vyuo vidogo, ambamo hata mtu ambaye hajawahi kushika kasia hukaribishwa.

Mashua za chama hukaa katika banda kando ya mto. Hupangwa juu ya mihimili, moja juu ya nyingine kama vitanda vya bwenini, nyingi zikiwa zimegeuzwa, tumbo juu. Nyingi zina majina yaliyoandikwa ubavuni. Mara nyingi ni jina la mwanafunzi wa zamani aliyetoa fedha, au la mwalimu anayekumbukwa.

Fedha si kidogo. Mashua mpya ya watu wanane hugharimu makumi ya maelfu ya pauni. Kwa hiyo chama hakinunui kila mwaka. Mashua mpya hupewa kikosi cha kwanza. Ile waliyokuwa nayo hushuka kwa kikosi cha pili. Na ile ya kikosi cha pili huwaangukia wanaoanza. Si unajua sare ya kaka mkubwa inavyoshuka mpaka kwa kitinda mimba? Ni vivyo hivyo.

2. MAJINA YA VIUNGO

Hapa mabaharia wetu wa Lamu, Pate na Mombasa wametuachia urithi, kazi yetu ni kuutumia tu. Sehemu ya mbele ya chombo ni omo. Sehemu ya nyuma ni tezi. Ndiyo hiyo methali, "Tezi na omo, marejeo ni ngamani." Ngama ni mle ndani chini kabisa, maji yanamokusanyika. Mbavu za ndani zinazoupa ubao umbo ni mataruma. Uti wa chini wa chombo ni mkuku.

Sasa tofautisha kasia na kafi, maana wengi huyachanganya. Kafi hushikwa mikononi tu, halina pa kuegemea. Mvuvi wa mtumbwi hulichovya maji upande huu na upande huu. Kasia huegemezwa kwenye chombo. Katika mashua zetu huzuiwa kwa kishwara, yaani kitanzi cha kamba, au kwa kilete, ambacho ni panda ya mti au ya chuma. Mashua za Cambridge hutumia vilete vya plastiki ngumu vyenye kipande cha chuma cha kufungia juu, kasia lisiponyoke. Sehemu ya kushika ni mpini, na sehemu ipigayo maji ni bapa. Zamani bapa lilikuwa refu na jembamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaja bapa pana, fupi, lenye umbo kama la shoka, nalo likaenea duniani kote.

Kuna kasia la mtu mmoja mmoja na makasia mawili mawili. Katika aina ya kwanza kila mtu ana kasia moja kubwa, la urefu wa takriban mita 3.7, analivuta kwa mikono yote miwili. Jirani yake ana lake upande wa pili. Katika aina ya pili kila mtu ana makasia mawili madogo, takriban mita 2.9 kila moja, moja kila mkono. Tofauti hii ndiyo inayogawa kundi zima la mashua.

3. KWA NINI NI NYEMBAMBA HIVYO?

Ukiiona mashua ya mashindano mara ya kwanza utadhani ni fimbo inayoelea. Ya watu wanane ina urefu wa takriban mita 17 au 18, lakini upana wake haufiki hata mita moja. Imewezekanaje?

Kumbuka somo la wenzo katika Fizikia. Kasia ni wenzo. Ili mtu avute vizuri anahitaji sehemu ndefu ya mpini upande wake wa ndani. Zamani kilete kilikaa juu ya ukingo wa mashua, kwa hiyo ili upate mpini mrefu ilibidi mashua iwe pana. Na mashua pana husukuma maji mengi. Mafundi wakapata akili: wakakitoa kilete nje, wakakiweka mwisho wa mkono wa chuma unaotokeza ubavuni. Mpini ukabaki mrefu, mashua ikawa nyembamba. Katika shindano la Oxford na Cambridge mashua za namna hiyo zilitumika kwa mara ya kwanza mwaka 1846.

Usije ukadhani mikono hii ni kama ile ya ngalawa. Mikono ya ngalawa hubeba vipande vya mti vinavyogusa maji, navyo huzuia chombo kisipinduke. Mikono ya mashua hizi haigusi maji hata kidogo. Kinachoishikilia mashua isipinduke ni makasia yenyewe, kama vile mtu anayetembea juu ya kamba hujishikilia kwa mti mrefu. Wote wakiachilia mipini, mashua inalala ubavu.

Uvumbuzi wa pili ni kiti cha magurudumu. Kila mtu hukalia kibao kidogo kinachoteleza juu ya reli mbili fupi. Miguu yake imo ndani ya viatu vilivyofungwa kwenye mashua. Akikunja magoti, kiti huenda upande wa tezi. Akisukuma kwa miguu, kiti hurudi upande wa omo na kasia huvutwa. Kwa hiyo nguvu kubwa hutoka mapajani, si mikononi kama wengi wanavyofikiri. Viti hivi vilitumiwa na vikosi vyote viwili, Oxford na Cambridge, kwa mara ya kwanza mwaka 1873.

Na ngozi ya mashua? Zamani ilikuwa mbao nyembamba, hasa za mwerezi. Siku hizi ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi maalumu. Ni nyepesi na ngumu, lakini ni nyembamba mno. Anayeingia hukanyaga kibao kimoja tu kilichowekwa kwa kazi hiyo. Ukikanyaga pengine, wee! Mguu unaweza kutokeza mtoni.

4. KUNDI LENYEWE

Sasa tuzitembelee mashua moja moja. Uzito nitakaoutaja ndio uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa na World Rowing, shirikisho la dunia la mchezo huu. Mashua nyingi za vyuo, hasa zile kuukuu, ni nzito zaidi.

(a) Mashua ya mafunzo. Hii ni pana na nzito, na haipinduki kwa urahisi. Anayeanza huketi humo na mwenzake, na mwalimu hukaa kwenye tezi akiwaangalia uso kwa uso. Haina mbio, lakini bila hiyo hakuna bingwa.

(b) Mashua ya wanane. Hii ndiyo fahari ya kila chama. Hubeba wapiga makasia wanane, kila mmoja na kasia moja, pamoja na mshika usukani. Uzito wake ni kilo 96. Hebu fikiri: gunia la mahindi ni kilo 90! Yaani chombo kirefu karibu kama madarasa mawili kina uzito wa gunia moja na ziada kidogo, na kinabeba watu tisa.

Viti huhesabiwa kutoka omo. Nambari 1 na 2 hukaa mahali panapoyumba zaidi, kwa hiyo hutakiwa wepesi na wenye ustadi. Nambari 3 mpaka 6 ndio wenye miraba minne, injini ya mashua. Nambari 7 huupokea mwendo na kuupitisha upande wa pili. Nambari 8, aliye karibu na tezi, ndiye anayeweka mwendo, na wote walio nyuma ya mgongo wake humfuata. Mshika usukani hukaa kwenye tezi, uso kwa uso na nambari 8.

(c) Mashua ya wanne, kasia moja kila mtu. Iko ya namna mbili. Yenye mshika usukani ni kilo 51. Katika nyingi za kisasa mshika usukani halali tezini bali hulala chali ndani ya omo, kichwa tu kikionekana, ili upepo usimzuie. Isiyo na mshika usukani ni kilo 50. Humo usukani huongozwa kwa mguu: kiatu cha mpiga makasia mmoja huzunguka kidogo kulia na kushoto, nacho kimeunganishwa na usukani kwa nyaya. Huyo sharti ageuze shingo mara kwa mara aone mbele.

(d) Mashua ya wawili, kasia moja kila mtu. Uzito ni kilo 27. Wanaojua husema hii ndiyo ngumu kuliko zote. Mmoja akivuta zaidi ya mwenzake, mashua inakwenda kando. Hapa huwezi kujificha nyuma ya mgongo wa mtu.

(e) Mashua za makasia mawili mawili. Ya wanne ni kilo 52, ya wawili ni kilo 27. Kwa kuwa kila mtu ana kasia kulia na kushoto, ni rahisi kidogo kuziweka sawa.

(f) Mashua ya mmoja. Uzito ni kilo 14 tu, mwepesi kuliko jerikani ya lita 20 iliyojaa maji. Urefu wake ni takriban mita 8. Kwa kawaida haina usukani. Ukitaka kwenda kulia, unavuta zaidi kasia la upande wa pili. Nahodha ni wewe, baharia ni wewe, na ukipinduka hakuna wa kumlaumu.

Tufanye hesabu kidogo. Gawanya uzito wa mashua kwa idadi ya wapiga makasia:

Ya mmoja: 14 ÷ 1 = kilo 14 kila mtu.
Ya wawili: 27 ÷ 2 = kilo 13.5 kila mtu.
Ya wanne isiyo na mshika usukani: 50 ÷ 4 = kilo 12.5 kila mtu.
Ya wanane: 96 ÷ 8 = kilo 12 kila mtu.

Umeona? Kadiri wanavyoongezeka, ndivyo mzigo wa kila mmoja unavyopungua. Hata ukinzani wa maji hauongezeki kwa kiasi kile kile nguvu inavyoongezeka. Ndiyo maana mashua ya wanane hushinda zote kwa mbio. Katika mita 2000, vikosi bora duniani vimewahi kumaliza kwa chini ya dakika 5 na nusu, hali bingwa wa mashua ya mmoja huchukua yapata dakika 6 na nusu, maji yakiwa mazuri.

5. MBIO ZA KUGONGANA

Mto Cam ni mwembamba na una kona kali. Mashua mbili za wanane haziwezi kushindana sambamba kwa raha. Basi vyuo viliamua kushindana kwa msururu, na mbio hizo zimekuwapo Cambridge tangu mwaka 1827. Mashua hujipanga moja nyuma ya nyingine, zikiachana kwa takriban urefu wa mashua moja na nusu. Mzinga ukilia, kila mmoja humfukuza aliye mbele yake huku akimkimbia aliye nyuma. Ukimgusa wa mbele, umemgonga. Nyote wawili mnajitoa kando haraka, na kesho yake mnabadilishana nafasi. Kila kikosi hushindana kwa siku nne. Walimu hufuata kwa baiskeli kandokando ya mto, wakipiga kelele mpaka sauti zikauke.

Mbio hizi hufanywa mara mbili kwa mwaka. Za kwanza ni za kipindi cha Kwaresima. Za pili huitwa za Mei, na ajabu ni kwamba hufanywa Juni! Kikosi kinachomgonga mtu kila siku huruhusiwa kujipatia kasia la kumbukumbu lililoandikwa majina yao. Wanaogongwa kila siku nao hawakosi zawadi: husemekana wamepata mwiko.

Lakini mchezo huu una historia chungu. Mwaka 1888, katika mbio za Kwaresima, omo ya mashua ya Trinity Hall ilimchoma mpiga makasia wa chuo cha Clare, akafa. Fikiria fimbo ya mita nyingi, yenye ncha, inayokuja na nguvu za watu wanane wasioona mbele. Baada ya msiba huo, kipira cha mpira kikawa sharti kwenye ncha ya kila omo. Ukiiona mashua ya mashindano leo, tazama mbele kabisa. Kipira hicho cheupe kidogo si urembo. Kimewekwa pale kwa sababu kijana mmoja hakurudi chuoni kwake.

6. USALAMA NA NENO

Kabla ya mashua kuteremshwa majini, hukaguliwa. Mambo ya lazima ni haya:

Kwanza, kipira cha omo kiwepo na kiwe kimekazwa.

Pili, visigino vya viatu vifungwe kwa kamba fupi. Mashua ikipinduka, mtu akivuta mguu, kamba huzuia kiatu kisimfuate, na mguu huchomoka. Bila kamba hiyo mtu anaweza kubaki amening'inia kichwa chini majini.

Tatu, vifuniko vya vyumba vya hewa vilivyo omo na tezi vifungwe, ili mashua iendelee kuelea hata ikijaa maji.

Nne, usukani uende kulia na kushoto bila kukwama.

Na la tano ni amri. Mshika usukani ana amri nyingi, lakini mbili ndizo za kufa na kupona. Kwa lugha yetu tunaweza kuziita "Tulia!" na "Zuia!" Akisema "Tulia!" wote huacha kuvuta, wakanyanyua mabapa juu ya maji, na mashua huendelea kuteleza yenyewe. Akisema "Zuia!" wote hutia mabapa majini na kuyakaza, mashua isimame. Kati ya amri hizi mbili kuna tofauti ya mita nyingi. Kama mbele kuna mtu katika mashua ya mmoja, naye pia ameipa mgongo njia, na mshika usukani akasema "Tulia" mahali pa "Zuia", basi mashua yenye watu tisa itampitia. Neno moja lilikuwa sahihi kisarufi, lakini halikuwa neno la mahali pale.

HITIMISHO

Sasa turudi kwenye lile dai. Omo, tezi, ngama, mkuku, taruma, kasia, kilete, usukani: maneno haya hatukuyaunda leo. Babu zetu wa pwani waliyatumia kabla mkono wa chuma haujabuniwa. Penye kitu kipya tumesema kwa maneno ya kawaida: kiti cha magurudumu, kipira cha omo, mashua ya wanane, nawe umenielewa. Tatizo basi haliko kwa lugha. Liko kwetu tunaosoma insha na kuacha msamiati wa wavuvi, maseremala na manahodha, kisha tunalalamika kwamba Kiswahili ni kikavu.

Msomaji, ukienda Lamu, Mombasa, au hata ziwani Kisumu wakati wa likizo, muulize mzee wa mashua majina ya viungo vya chombo chake. Uyaandike daftarini, na ukifungua shule utuletee chamani. Mzee mmoja akienda na maneno yake, hakuna kamusi itakayoyarudisha yote.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya kasia na kafi, na kati ya kishwara na kilete.
2. Kwa nini kuvitoa vilete nje ya ukingo kuliwezesha mashua kuwa nyembamba? Chora wenzo kuonyesha jibu lako.
3. Mashua ya wanne yenye makasia mawili mawili ni kilo 52. Kila mpiga makasia ana mzigo wa kilo ngapi za mashua?
4. Taja kazi ya nambari 8 na ya mshika usukani katika mashua ya wanane.
5. Tunga amri tatu za Kiswahili ambazo mshika usukani angeweza kutumia. Kila amri iwe neno moja, na isifanane kwa sauti na nyingine. Eleza kwa nini kutofanana huko ni muhimu.

Majibu yaletwe katika mkutano wa chama. Kwaheri ya kuonana.